Pilipili Isiyowasha

Jumatatu ile, kabla Kapteni Aichurok Sadyrbaeva hajavua hata koti, alikuwa amekwisha kuulizwa mara nne mgahawa wa Rabia utafunguliwa lini. Aliulizwa na mlinzi wa lango la kituo. Aliulizwa na mkuu wake wa kazi. Aliulizwa na mama yake kwa simu, na mama huyo hakutia neno juu ya mtu aliyekuwa hospitalini akipigania roho yake. Kilichomkera ni kwamba Jumapili ukoo mzima ulilazimika kwenda kula tambi kwa watu wengine, na siki yao ilikuwa kama maji ya kuoshea masufuria. Wa nne alikuwa daktari mwenyewe, aliyepiga kutoa taarifa ya mgonjwa akaanza na swali hilohilo.

"Daktari, mgonjwa," alisema Aichurok.

Mgonjwa alikuwa mzee Abdyrazak Osmonaliev, daktari wa mifugo mstaafu, miaka sabini na mmoja, mjane. Kwa miaka mitatu alikuwa akila chakula cha mchana kwa Rabia kila siku ya kazi, peke yake, kwenye meza ya pembeni karibu na dirisha la jikoni. Jumamosi, kinyume na desturi, alikuja na watoto na wajukuu. Saa saba na dakika ishirini na mbili gari la wagonjwa likaitwa. Alifikishwa hospitalini midomo na vidole vimekufa ganzi, moyo unakwenda mbio kama punda aliyekata kamba, kisha unasimama, kisha unakwenda tena. Tangu hapo hakuwa amefumbua macho.

Daktari hakuwa na shaka. Ulikuwa ule mzizi wa mlimani. Mjini Karakol hakuna asiyeujua: wazee huuloweka kwenye pombe kali wakachulia magoti, na kila mama humkanya mwanawe asiiguse chupa yake. Ni dawa ya kuchua, si ya kunywa.

"Chakula kilichochacha hakimfanyi mtu hivi," alisema daktari. "Huyu amenyweshwa. Au amejinywesha."

Aichurok akavaa tena lile koti alilokuwa anataka kulivua.

Mlangoni kwa Rabia alimkuta bwana afya, Tolkun Beishekeev, amesimama mbele ya karatasi ya muhuri aliyoibandika mwenyewe Jumamosi, kana kwamba angeondoka ingebanduka. Alikuwa mtu wa haki na mwenye bidii, na hakuna kitu kinachochosha kama mtu wa haki mwenye bidii. Kabla ya kumfungulia, alimtaka atie sahihi kwenye daftari kwamba ameingia, kisha kwamba ataingia na viatu vyake, kisha kwamba amesoma pale alipotia sahihi kwanza.

Alikuwa pia na ushahidi. Akautoa mfukoni taratibu: chupa ya maji ya kahawia yenye vipandevipande vya kitu chini.

"Imekutwa kabatini," alisema. "Mizizi hiyo, afande. Itazame."

Aichurok akafungua, akanusa, machozi yakamtoka.

"Hii ni siki, ndugu yangu. Na hivyo ni vitunguu saumu."

"Hilo litaamuliwa na maabara."

Maabara ilikuwa Bishkek, mji mkuu, na majibu yangekuja baada ya siku kumi. Aichurok akamwomba amwonyeshe angalau ni nani aliyeleta malalamiko. Tolkun alipenda sana kuulizwa maswali yenye majibu kwenye daftari. Akafunua ukurasa, akaweka kidole: mteja kaugua mgahawani kwa Rabia, mpiga simu mwanamke, hakutaja jina, saa saba na dakika tano, Tolkun mwenyewe akiwa zamu. Aichurok alinakili mstari ule kwenye kijitabu chake, kwa mazoea tu, kwa sababu wakati huo bwana afya alikuwa anatafuta fomu ya nne.

Rabia Vanahun alikuwa jikoni, moto umezimwa, amekaa juu ya gunia la unga. Alikuwa Mdungani, Mwislamu wa asili ya Kichina, wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye mikono ya mtu aliyevuta tambi tangu utotoni. Hakusimama.

"Afande, ukitaka kuuliza, uliza," alisema. "Ukitaka kula, nimekatazwa."

Alieleza bila kupamba. Walikuja sita: mzee, binti yake Gulsaira, anayeishi naye, mwanawe Ernist na mkewe, na wajukuu wawili wa kike. Waliketi saa saba kasoro robo. Wakaagiza tambi baridi za siki, bakuli sita, na mikate ya viazi ya kukaanga. Tambi zote zilitoka sufuria moja, mchuzi wote ndoo moja. Chai ilikuwa birika moja, naye Gulsaira ndiye aliyemimina. Pilipili ya mafuta ilikuwa kibakuli kimoja katikati ya meza, kila mtu akajitilia.

"Na ugomvi?" aliuliza Aichurok, maana wateja wawili wa meza za jirani walikwisha kumweleza kwamba Ernist alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Rabia alitazama pembeni. Mzee alikuwa amewaambia wanawe kwamba anataka kuoa. Na anayetaka kumwoa ni yeye, Rabia. Alisikia kupitia dirisha, mikono imo kwenye unga.

"Ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini, dada? Mimi sijaulizwa. Miaka mitatu anakuja, anakula, anasema 'asante Rabia', anakwenda zake. Halafu siku ya kuoa anawauliza watoto wake, mimi nasikia pamoja na wateja." Alijifuta unga ambao haukuwepo mikononi. "Sasa mji mzima unasema nimemuua mume ambaye hata sijampata."

Aichurok alimtazama mwanamke yule akaona hasira ya kweli, ile isiyo na hesabu ndani yake. Lakini hasira ya kweli si ushahidi. Sufuria moja, ndoo moja, birika moja, kibakuli kimoja, na mtu mmoja kitandani. Kama sumu ilipita jikoni, ilijuaje bakuli la mzee?

Ernist alikuja kituoni mwenyewe, jambo ambalo Aichurok alilishukuru, kisha akazungumza kwa saa nzima, jambo ambalo hakulishukuru. Alikuwa dereva wa lori, mnene, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na injini. Alichokuwa nacho kichwani ni kimoja tu: chakula kilikuwa kibovu. Tambi zilikuwa nene. Mikate ilikuwa na mafuta mengi. Aichurok akiuliza habari za baba, yeye anarudi kwenye mikate.

Aliulizwa kuhusu meza. Ndiyo, aliipiga. Nani asiyepiga meza baba yake akisema anaoa uzeeni, mbele ya watoto? Aliulizwa alikuwa wapi kabla ya hapo. Barabarani, alitoka Bishkek alfajiri, akawapitia mkewe na watoto nyumbani, wakaenda moja kwa moja mgahawani, akamkuta baba na dada yake wamekwisha kufika, wamesimama mlangoni. Hati ya safari ya lori ilikubaliana naye.

"Una dawa ya mzizi?"

Hapo tu ndipo alipotulia. Akatoka, akaenda kwenye lori, akarudi na chupa. Ilikuwa imejaa hadi shingoni, nta ya kizibo haijavunjwa. Alisema alinunua mbili majira ya kuchipua, moja yake, moja ya baba, kwa ajili ya magoti. Yake hajaigusa kwa sababu mkewe hataki harufu yake ndani ya nyumba.

"Unanishuku mimi, afande? Mimi ndiye niliyemshika asianguke. Muulizeni huyo Mdungani. Hata baba mwenyewe alilalamika. Tangu kijiko cha kwanza alisema pilipili ya leo haina ukali. Akatia kijiko, akatia cha pili, akatia cha tatu na cha nne. Mchuzi ukawa mwekundu kama damu, bado anasema haina ukali. Mteja wa kila siku, anapunjwa hadi pilipili."

Aichurok akaandika: chakula kibovu, tena. Akauliza mkewe alikuwa anasema nini wakati huo. Mkewe hakuwepo mezani, alijibu Ernist. Alikuwa nje bombani muda wote na yule mtoto mdogo. Mtoto alichovya kidole kwenye pilipili, akakilamba, akalia kama anachinjwa.

Aichurok alimruhusu aende, na Ernist akaondoka akilalamikia tambi hadi mwisho wa korido.

Saa nane Aichurok alikuwa na njaa, na njaa ilimzidishia hasira. Akaingia mgahawa mwingine, kule ambako ukoo wake ulikula Jumapili. Kula peke yake alikuwa amezoea. Hakuzoea kuonewa huruma. Mhudumu alimwuliza kama wenzake wako njiani. Alipojibu kwamba hana wenzake, akahamishwa kutoka meza nzuri ya dirishani akakalishwa karibu na mlango, na baada ya dakika tano mhudumu mwingine akaja kumwuliza kama anawasubiri wenzake.

"Niletee tambi za baridi," alisema. "Za mtu mmoja. Aliye hai na mwenye haraka."

Siki ilikuwa vilevile kama mama yake alivyosema. Akaona bora aifunike kwa pilipili, akatia kijiko, akakoroga, akala. Moto ukamshika ulimi, ukapanda masikioni. Akashika kikombe cha chai, akanywa, moto ukazidi. Akakaa mdomo wazi akivuta hewa, na mhudumu akamjia mbio na mkate.

Pilipili usiyoila yakuwashiani, watu husema. Mzee Abdyrazak aliila. Vijiko vinne, kutoka kibakuli kilekile ambamo mjukuu wake alichovya ncha ya kidole tu akalia kama anachinjwa. Ernist alikuwa ametoa maneno hayo mawili katika pumzi moja wala hakuyasikia yakigongana. Yeye Aichurok aliyaandika yote mawili, wala hakuyasikia.

Pilipili ilikuwa kali. Ulimi wa mzee ndio uliokuwa umekwisha kufa. Ulikufa kabla ya kijiko cha kwanza, kabla Rabia hajaweka bakuli mezani. Sumu haikuingia mgahawani kwa sufuria wala kwa ndoo wala kwa birika. Iliingia kwa miguu, tumboni mwa mzee, kutoka nyumbani.

Akafungua kijitabu. Gari la wagonjwa liliitwa saa saba na dakika ishirini na mbili, punde tu mzee alipoteleza kwenye kiti. Mashahidi wote walikubaliana hapo. Malalamiko yalipigwa kwa bwana afya saa saba na dakika tano. Kwa dakika kumi na saba mwanamke fulani alikuwa amekwisha kujua kwamba kuna mteja anaugua, wakati mteja mwenyewe alikuwa bado anagombana na mwanawe na kuomba pilipili.

Mezani walikuwepo wanawake wawili. Mmoja alikuwa bombani na mtoto anayelia.

Alilipa, akaondoka bila kumaliza, na mhudumu alisikitika kwa sauti kwamba kula peke yako hakuleti hamu.

Nyumbani kwa mzee, Gulsaira alimfungulia kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, nywele zimefungwa kwa nguvu kupita kiasi. Nyumba ilikuwa safi mno. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya supu ya nyama, imejaa, imefunikwa; juu ya meza kulikuwa na mkate mzima usiokatwa. Aichurok aliona kwamba hakuna kilichoguswa.

Alimwuliza mambo madogo kwanza. Walitoka saa ngapi? Saa sita na nusu, kwa miguu. Mzee alikunywa kitu kabla ya kutoka? Chai. Nani aliimimina? Yeye. Kikombe kiko wapi? Kimeoshwa.

"Na chupa ya magoti, aliyoinunua Ernist?"

"Ilivunjika."

"Lini?"

Gulsaira alisogeza kifuniko cha sufuria kilichokuwa tayari mahali pake.

"Dada Gulsaira, ulitoka mezani kupiga simu. Nikiomba orodha ya simu zako nitaipata kesho. Sitaki kuisubiri kesho, nimechoka kusubiri vitu kutoka Bishkek. Ulimpigia bwana afya baba yako akiwa bado amekaa wima."

 Kisha Gulsaira akavuta kiti, akakaa, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliacha kazi ya ualimu Bishkek akarudi kumuuguza mama yake. Mama alifariki, yeye akabaki, kwa sababu baba hajui hata kuchemsha yai. Alipika kila siku. Na kila siku baba yake alivaa kofia, akaenda kwa Rabia.

"Mtu anaweza kula peke yake mgahawani miaka mitatu, nyumbani kuna chakula?" aliuliza. "Kila jioni namwekea sahani. Kila jioni ananiambia ameshiba."

Ijumaa usiku baba alimwambia habari ya kuoa, ili asishtuke mbele ya kaka yake. Akamwambia kama jambo jema. Akasema sasa Gulsaira yuko huru, anaweza kurudi Bishkek. Arudi Bishkek kwa nani? Aliwaza usiku kucha. Akaona kwamba kama baba angetapika pale pale kwenye meza ya Rabia, mbele ya wajukuu, na bwana afya akafunga mlango, basi aibu ingemaliza kila kitu, na Jumatatu baba angekula nyumbani.

"Nilitaka tumbo limuume," alisema. "Nilitia kidogo sana."

"Wewe ni binti wa daktari wa mifugo. Unaujua mzizi huo."

"Najua," alisema Gulsaira. "Nilijua nikiwa namimina. Nikajiambia sijui."

Aichurok alikuwa amekereka tangu asubuhi: na bwana afya, na Ernist, na wahudumu, na mji uliofikiria tumbo lake tu. Sasa alitafuta ile hasira ili imsaidie kufanya kazi iliyobaki, akaikuta ipo, ila haikuwa na pa kutua. Alimwambia achukue koti.

Walikuwa wanafika kwenye gari simu ilipolia. Mzee alikuwa ameamka.

Hospitalini Aichurok aliingia chumbani peke yake, akamwacha Gulsaira koridoni na askari. Mzee Abdyrazak alikuwa amelala juu ya mito miwili, uso umepauka, nyaya zimetoka kifuani. Kando yake kulikuwa na bakuli la uji wa ngano ambalo muuguzi alikuwa amemwekea. Hakungoja aulizwe.

"Andika, binti yangu," alisema. "Nilikunywa mwenyewe. Nilichanganya chupa. Macho ya uzee."

Aichurok aliweka kalamu chini.

"Mzee, umefanya kazi ya udaktari miaka mingapi?"

"Thelathini na mitano."

"Na hukujua harufu yake?"

Mzee alitazama dari. Aichurok hakuweza kuvumilia zaidi. Alimwambia kwamba tangu asubuhi kila mtu katika kesi hii amemwambia jambo lisilo na faida, na sasa hata aliyepewa sumu naye anataka kumdanganya. Alimwambia mgahawa unafunguliwa leo, aseme kweli au aseme uongo. Rabia hahusiki, hilo limeshathibitika. Kwa hiyo uongo wake haumsaidii Rabia.

"Nilijua kwenye kijiko cha pili," alisema mzee hatimaye. "Nimewaona kondoo waliokula mzizi huo wakisimama hivyo, hawajui kwa nini midomo yao imewakimbia. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anamimina chai, kikombe kimejaa, bado anamimina. Nikatia pilipili nyingine, labda nimekosea. Nikatia nyingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Mjukuu wangu alikuwa anakula."

 Nje, magurudumu ya kitanda yalipita koridoni yakaenda zake.

"Ameshasema mwenyewe," alisema Aichurok kwa upole zaidi. "Yote. Nimeshaandika. Siwezi kufuta, mzee, na nisingefuta. Utasema yako mbele ya hakimu, na atakusikiliza. Hiyo ni haki yako."

Mzee alifumba macho, machozi yakateremka kuelekea masikioni. Alipofumbua aliuliza kama binti yake yuko mbali.

"Yuko hapo nje."

"Basi mlete kwanza."

Aichurok alifungua mlango akamwita. Gulsaira aliingia hatua mbili akasimama, mikono imekamatana, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Baba yake alimtazama kuanzia nywele mpaka viatu, taratibu, kama alivyozoea kumtazama mnyama aliyeletwa kwake akiwa dhaifu.

"Umekula?" aliuliza.

Gulsaira alitikisa kichwa. Tangu Jumamosi, alisema, au alijaribu kusema.

Mzee aliusukuma ule uji ukingoni mwa meza kwa vidole ambavyo bado havikumtii vizuri, akamwonyesha kiti.

Aichurok alitoka nje akauvuta mlango. Askari aliyekuwa akisubiri alisimama, akagusa pingu kiunoni, akauliza kama ni wakati.

"Bado," alisema Aichurok. "Anakula."